Mtoto yuko wapi? Jinsi ya kumtambua mwenye sarafu ya fedha ya Bizanti

Sarafu iliyonifundisha kazi hii ina tundu. Ni fedha nyembamba kama ganda la kitunguu, kingo zake zimekatwakatwa, na juu kabisa, mahali palipokuwa na herufi, mtu alipitisha msumari zamani sana. Upande mmoja amesimama mwanamke mwenye duara la nuru kichwani. Upande wa pili amesimama mwanamume mwenye taji. Niliiandikia kadi kwa dakika kumi: mfalme Romanos III, 1028–1034. Kisha nikaipeleka kwa mwalimu wangu, mama aliyekuwa anashughulika na sarafu za Bizanti, dola ya Warumi wa mashariki yenye makao Konstantinopoli, tangu kabla sijazaliwa. Akaitazama, akanirudishia, akaniuliza maswali mawili.

"Umeipima?"

Sikuwa nimeipima.

"Na Mtoto yuko wapi?"

Nikaitazama tena. Hapakuwa na Mtoto.

Tangu siku hiyo kila sarafu ya fedha ya Bizanti inayopita mikononi mwangu huipitisha njia ileile: mzani kwanza, kisha kibati chenyewe, yaani kipande cha madini kilichopigwa chapa, kisha picha, na maandishi mwisho. Wengi huenda kinyume. Wakiona uso wa Kristo au wa Bikira moyo huchangamka, wakafungua katalogi na kutafuta picha inayofanana. Nawaelewa, kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Lakini Kristo ni yuleyule kwa zaidi ya karne saba za sarafu hizi, na uso wake peke yake hauwezi kukuambia ni mfalme gani aliyewalipa mafundi. Sarafu hizi ni sala zilizopigwa chapa kwenye madini. Kazi yetu ni kujua nani anaomba, na nani anaombewa.

Mzani kabla ya macho

Tafuta mzani unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, rula nzuri ya milimita, lenzi ya kukuzia mara kumi, na taa unayoweza kuilaza ubavuni mwa sarafu. Hivyo vinatosha. Fedha ya Bizanti haikuwa nyingi kama dhahabu na shaba zao, na ilikuja kwa vipindi. Kila kipindi kina uzito wake, kwa hiyo mzani peke yake hukuvusha karne kadhaa kwa hatua moja.

Ikiwa sarafu ni nene na ina gramu 6 na nusu au zaidi kidogo, fikiria heksagramu, iliyoanzishwa na mfalme Heraclius mwaka 615. Mwaka mmoja kabla yake Waajemi walikuwa wameuteka Yerusalemu, na nyuma ya sarafu hiyo, kuzunguka msalaba uliosimama juu ya tufe na ngazi, yameandikwa maneno ya Kilatini DEUS ADIUTA ROMANIS: Mungu, wasaidie Warumi. Sijui sala nyingine ya dola nzima iliyoingia kwenye mikoba ya askari kwa maneno machache hivyo. Upande wa mbele, Heraclius ameketi na mwanawe.

Ikiwa ni pana, nyembamba, na ina gramu 2 hadi 3, hiyo ni miliaresio. Ilianza kwa Leo III, yapata mwaka 720 alipomvika taji mwanawe Constantine V, ikaendelea hadi karne ya 11. Mwaka 1092 Alexios I alipanga upya sarafu zote za dola, na miliaresio haikurudi. Kwa karne mbili zilizofuata zilitawala sarafu zilizopinda kama bakuli, za dhahabu iliyochanganywa na fedha au za shaba yenye fedha kidogo. Hizo ni somo jingine.

Ikiwa ina gramu 2 na kidogo lakini ni bapa, nadhifu, na inakukumbusha Venice, umefika mwaka 1304 na kuendelea: basiliko ya Andronikos II. Na ikiwa ni nzito, yapata gramu 8 na nusu au pungufu kidogo, na mfalme amezungukwa na mistari miwili ya maandishi, mmoja ndani ya mwingine, hiyo ni stavrato, iliyoanza yapata mwaka 1367 wakati wa John V na kufika hadi siku za mwisho za Konstantinopoli.

Sasa angalizo ambalo lingeniokoa. Uzito wa sarafu iliyokatwa kingo hudanganya. Yangu ina gramu 1.74, na kama ningeipima siku ile pengine ningeingia shimo jingine, kwa sababu karne ya 11 ilikuwa pia na sarafu ndogo yenye thamani ya theluthi mbili ya miliaresio, na uzito wake ni wa kiasi hicho. Fanya hivi: usipime upana wa madini, pima duara la nukta linalozunguka picha. Mkasi hupunguza kibati lakini hauwezi kupunguza muhuri uliokipiga. Kama kimebaki kipande tu cha duara, weka karatasi nyeupe juu yake, fuata nukta kwa penseli, kisha kamilisha duara kwa bikari. Nilipofanya hivyo duara langu lilitoka nje ya kingo kwa hadi milimita tatu mahali palipokatwa zaidi. Sarafu ilikuwa miliaresio kamili iliyopunjwa, si theluthi mbili.

Kibati kina kumbukumbu yake

Kabla hujasoma picha, soma madini. Miliaresio za mwanzo zilifuata umbo la dirhamu ya Kiarabu, iliyokuwa imeenea sokoni: kibati chembamba na kipana, maandishi yaliyopangwa kwa mistari katikati badala ya sura ya mfalme, na duara tatu za nukta ukingoni. Nyingi hazikufuata umbo tu. Zilikuwa dirhamu zenyewe, zikapigwa chapa ya msalaba juu ya maneno ya Kiarabu. Laza taa chini kabisa na uizungushe sarafu polepole. Wakati mwingine chini ya ngazi za msalaba hutokea mstari ulionyooka na vijiti vilivyosimama juu yake, mwandiko wa Kikufi ambao nyundo haikuufuta. Ukiuona usidhani ni mkwaruzo, na usijaribu kuusafisha. Huo ni ushahidi kwamba uko karne ya 8 au ya 9, na ukibahatika kusoma jina la mji au mwaka wa Hijra, unapata tarehe ambayo sarafu yako haiwezi kuwa ya kabla yake.

Niseme hapa neno moja kuhusu kusafisha: acha. Fedha iliyokaa ardhini hulika kwa ndani na huvunjika kama biskuti. Nimewahi kuletewa nusu mbili za sarafu iliyokuwa nzima asubuhi ile.

Angalia pia uhusiano wa pande mbili. Shika sarafu, mbele ikiwa wima, kisha igeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu. Kwa kawaida sarafu ya Bizanti ikigeuzwa hivyo picha ya nyuma hutokea kichwa chini. Ikitokea wima si lazima iwe bandia, lakini andika, kisha uongeze umakini. Za bandia zilizomiminwa kwenye kalibu huonyesha viputo vidogo chini ya lenzi, herufi zenye kingo laini kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mshono kwenye ukingo. Za kisasa zilizopigwa kwa mashine ni ngumu zaidi. Hizo hugunduliwa pale sarafu mbili "tofauti" zinapoonekana na kasoro ileile mahali palepale.

Msalaba, na uso ulio katikati yake

Miliaresio ya mwanzo haina sura ya mtu yeyote. Leo III ndiye aliyeanzisha mzozo wa picha takatifu, yaani ikoni, na msalaba juu ya ngazi haukumkwaza mtu. Kuuzunguka yameandikwa IhSUS XRISTUS nICA, Yesu Kristo anashinda, maneno ya Kigiriki kwa herufi zilizochanganyika na za Kilatini. Cha kushangaza ni kwamba hata baada ya picha kurudishwa mwaka 843, na Kristo kurejea haraka kwenye dhahabu, fedha iling'ang'ania msalaba wake kwa miaka mingi. Kwa hiyo kukosekana kwa sura hakumaanishi kwamba mfalme alipinga ikoni. Kosa hilo nimeliona kwenye kadi za watu wenye elimu kubwa.

Katika karne ya 10 unatokea uso katikati ya msalaba, ndani ya duara dogo. Hapa wengi huteleza. Wanaona msalaba, wanaona uso wenye ndevu pale mikono ya msalaba inapokutana, wanaandika "Kristo". Chukua lenzi. Kristo ana duara la nuru lenye msalaba ndani yake, na nywele zake zinashuka. Mwenye taji na vishaufu vinavyoning'inia kandokando ya mashavu ni mfalme. Romanos I alijiweka hapo, kisha Nikephoros II, kisha John I Tzimiskes (969–976). Kwa John kazi ni rahisi, kwa kuwa kandokando ya duara kuna herufi za jina lake, I na ω upande mmoja, A na N upande wa pili. Basil II na nduguye Constantine VIII hawakuingia ndani ya msalaba, walisimama kandokando yake, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kwa hiyo hesabu nyuso: mmoja katikati au wawili pembeni. Hata sarafu iliyolika vibaya hukujibu swali hilo.

Mama mwenye Mtoto, Mama asiye na Mtoto

Mzazi-Mungu, yaani Bikira Maria, alitokea kwenye dhahabu tangu Leo VI (886–912), lakini kwenye fedha karne yake hasa ni ya 11, na hapo ndipo sarafu zilizo nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Hapa sitapita haraka.

Usimwite tu "Bikira". Tazama mikono yake. Akimshika Mtoto kwa mkono mmoja na kumwonyesha kwa mwingine, huyo ni Odigitria, Mwonyesha-njia. Akiwa amemshika Mtoto kifuani ndani ya duara kama medali, hiyo ni sura nyingine. Akiwa ameinua mikono yote miwili, viganja vikiwa wazi, peke yake, huyo ni mwombaji, na sura hiyo inahusishwa na hekalu la Blachernae, kaskazini-magharibi mwa Konstantinopoli, palipohifadhiwa vazi lililoaminiwa kuwa lake. Kila sura ilikuwa na ikoni yake, kanisa lake, na watu walioipenda. Mfalme aliyechagua mojawapo alikuwa anasema jambo.

Miliaresio inayohesabiwa kuwa ya Romanos III ina Odigitria amesimama na Mtoto mkononi, na haina jina la mfalme hata herufi moja. Badala yake kuna ubeti. Upande wa Bikira umeandikwa ΠAPΘЄNЄ COI ΠOΛVAINЄ, upande wa mfalme OC HΛΠIKЄ ΠANTA KATOPΘOI. Ukiunganisha pande mbili unapata mshororo mmoja kamili wa Kigiriki kwa bahari ya kale ya tenzi za mashujaa: Ewe Bikira msifiwa sana, aliyekutumaini hufanikiwa katika yote. Mshororo unaanzia kwa Mama na kumalizikia kwa mfalme. Lazima uigeuze sarafu ili sala ikamilike, na kila aliyeigeuza aliisali.

Miliaresio ya Constantine IX Monomachos (1042–1055) inafanya jambo hilohilo kwa njia nyingine. Bikira amesimama juu ya kibao cha miguu, mikono imeinuliwa, kandokando yake MP ΘV, kifupi cha Mama wa Mungu. Kumzunguka: ΔЄCΠOINA CωZOIC. Nyuma, mfalme amevaa dirii ya vita, msalaba mrefu mkononi, mkono wa kushoto ukiwa kwenye upanga ulio ndani ya ala, na maneno ЄVCЄBH MONOMAXON. Soma pamoja: Bibi, umwokoe Monomachos mcha Mungu. Hesabu mizani, yaani silabi, za Kigiriki chake kama unavyohesabu za shairi lolote: de-spi-na-so-zis-ef-se-vi-mo-no-ma-hon. Ni 12 kamili, na mizani 12 ndiyo iliyokuwa bahari ya kawaida ya washairi wa Konstantinopoli enzi hizo. Mtu aliyeketi kutunga maneno ya muhuri alikuwa mshairi, na alijua nafasi aliyopewa ni upana wa vidole viwili.

Mizani hiyo ni chombo cha kazi. Ukijua mshororo una mizani 12, unajua pengo lililoliwa na tundu linabeba mizani ngapi.

Kusoma kilichobaki

Nilijifunza herufi za Kigiriki nikiwa mwanafunzi wa teolojia, na hilo lilinipa kiburi ambacho sarafu hii ilinivua. Herufi za sarafu si zile za vitabuni. C ni S. P ni R. H husomwa i. X ni kh. ω huandikwa kama W ya mviringo. Karne ya 8 hadi ya 11 mafundi walichanganya za Kilatini bila wasiwasi: b mahali pa B ya Kigiriki, n ndogo, h, na S iliyopinda ikisimama badala ya neno "na". Majina matakatifu hufupishwa kwa herufi ya kwanza na ya mwisho na kuwekewa mstari juu: IC XC ni Yesu Kristo, MP ΘV ni Mama wa Mungu. ΘKЄ ni Theotoke, yaani Ewe Mzazi-Mungu, na BOHΘЄI ni "saidia". Ukiona ΘKЄ BOHΘЄI jua kwamba jina linalofuata ndilo unalolitafuta, kwa kuwa huyo ndiye anayeombewa.

Kwa miliaresio za maandishi ya mistari, tafuta majina mangapi yametajwa. Kabla ya Theophilos (829–842) fedha hii ilibeba majina mawili, la mfalme na la mwenzake kitini, kwa kawaida baba na mwana. Jina moja peke yake hukuweka kwa Theophilos au baada yake. Kisha tafuta neno la mwisho. Michael I (811–813) alituma wajumbe waliomsalimu Charlemagne, mtawala wa Wafranki aliyevikwa taji la Kirumi huko magharibi, kama mfalme huko Aachen mwaka 812, na katika kipindi hicho fedha ya Konstantinopoli ikaanza kusema waziwazi bASILIS ROMAIOn, wafalme wa Warumi, ili pasiwe na shaka ni Warumi wa nani. Hilo husaidia sana kwenye mtego wa Leo na Constantine. Walikuwapo Leo III na Constantine V, kisha Constantine V na Leo IV, kisha Leo IV na Constantine VI, na baadaye Leo V na mwanawe aliyeitwa Constantine. Majina yakianza na Constantine, ni Constantine V na Leo IV. Yakianza na Leo na mwisho kuna ROMAIOn, ni Leo V. Yakianza na Leo bila ROMAIOn, umebaki na jozi mbili, na hapo maneno hayatoshi tena. Unalazimika kulinganisha umbo la herufi, ngazi na ncha za msalaba, sarafu kwa sarafu. Katalogi ya mkusanyiko wa Dumbarton Oaks, Washington, ndiyo ninayoanzia, kisha picha za minada, nikitafuta muhuri uleule hasa, si unaofanana tu.

Sasa nirudi kwenye tundu. Juu ya kichwa cha Bikira wangu zilibaki herufi nne upande wa kushoto, ΔЄCΠ, na nne upande wa kulia, ZOIC. Nilipoona ΔЄCΠ nilijijibu papo hapo: ΔЄCΠOTHC, Bwana, cheo cha mfalme. Nilikuwa nimekiona cheo hicho kwenye sarafu nyingi. Nikajua pia kuna Romanos III mwenye Bikira aliyesimama. Vitu viwili ninavyovijua vikakutana, nikaandika kadi.

Mwalimu hakunisomea jibu. Alichukua penseli akaweka ncha yake juu ya ΔЄCΠ, akauliza: "Neno hili limesimama upande wa nani?" Upande wa Bikira. "Na cheo cha mfalme kinafanya nini huko?" Nikanyamaza. Kisha akasogeza penseli hadi ZOIC. Hakuna cheo cha mfalme kinachoishia hivyo. Ni mwisho wa kitenzi cha kuomba: CωZOIC, umwokoe. Kitenzi hicho kikikaa mahali pake, neno la kushoto lazima liwe la anayeombwa, na anayeombwa ni mwanamke: si ΔЄCΠOTHC, ni ΔЄCΠOINA. Bibi. Herufi zilizopotea tundu linazitosha sawasawa. Nikageuza sarafu. Upande wa pili kingo zimekatwa, maandishi yote yamebaki nyayo tu, lakini nyayo za herufi nne za kulia chini zilikuwa zinalingana na AXON. Dirii ilikuwapo. Upanga ulikuwapo. Mikono ya Mama ilikuwa juu, mitupu, na Mtoto hakuwapo kwa sababu hakupaswa kuwapo.

Kwa hiyo kanuni yangu moja kuhusu maandishi: usikamilishe neno kabla hujajua limesimama upande wa nani na linamsemesha nani.

Za mwisho

Basiliko nitaieleza kwa ufupi. Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi, nyuma wamesimama wafalme wawili wakishika msalaba mmoja katikati yao. Umbo limechukuliwa kutoka sarafu ya Venice ambapo Mtakatifu Marko anamkabidhi mtawala bendera, na kwa mbali zinachanganyika. Venice huandika Kilatini, Konstantinopoli Kigiriki. Toleo moja husema tu KVPIЄ BOHΘЄI, Bwana saidia, na nyuma "watawala wa Warumi", bila majina. Hapo Andronikos II na mwanawe Michael IX hutambuliwa kwa ndevu: mmoja mzee mwenye ndevu ndefu, mwingine kijana zaidi. Andika pia kila alama ndogo iliyo kwenye nafasi tupu ya sarafu, nyota, herufi, nukta. Ndizo zinazotenganisha matoleo.

Usizichanganye na aspro, sarafu za fedha za Trebizond, dola ya Wakomnenos iliyokuwa pwani ya Bahari Nyeusi. Hizo zina Mtakatifu Eugenios, mlinzi wa mji, mwenye ndevu na msalaba mrefu. Katika karne ya 13 amesimama, na tangu Alexios II (1297–1330) yeye na mfalme wamepanda farasi. Ukiona farasi pande zote mbili, umetoka Konstantinopoli.

Stavrato ina Kristo mbele, mfalme nyuma kuanzia kifuani. Duara la nje hutaja jina na cheo, kwa mfano IωANHC ΔЄCΠOTHC O ΠAΛЄOΛOΓOC, na la ndani huanza ΘV XAPITI, kwa neema ya Mungu. Muhuri mara nyingi ni mpana kuliko kibati, kwa hiyo jina huanguka nje. Tafuta herufi mbili tu mwanzoni mwa duara la nje: MA ni Manuel, Iω ni John, na Kω ikitokea kaa chini kwanza. Constantine XI alitawala 1449 hadi 1453, na kwa muda mrefu hapakuwa na sarafu iliyokubalika na wote kuwa yake. Hazina ya sarafu iliyoelezwa kwenye chapisho la mwaka 1991 ndiyo iliyozifikisha makumi. Nyingi ni vipande vidogo vya thamani ya moja ya nane, vya haraka, herufi zimepinda. Walioshuhudia mzingiro wa Waturuki wa mwaka 1453 waliandika kwamba mfalme aliagiza vyombo vya makanisa viyeyushwe ili askari walipwe. Heraclius naye alichukua vyombo vya Kanisa Kuu la Konstantinopoli mwaka 622 alipokwenda kupigana na Waajemi. Ukishika kipande cha Kω mkononi huenda umeshika kikombe cha altare.

Kwenye kadi tenganisha unachokiona na unachokihitimisha. Mimi huandika mstari wa uzito na vipimo, mstari wa herufi zinazoonekana hasa, zilizopotea nikiziweka ndani ya mabano, kisha mstari wa hukumu, na mbele ya jina la mfalme naweka "hakika" au "inaelekea". Mwisho naandika sarafu imepitia kwa nani, kwa hati zipi. Sarafu isiyo na hati siinunui hata ikiwa na Kω.

Kadi ya sarafu yangu sasa inasema: miliaresio, Constantine IX Monomachos, Konstantinopoli, hakika, gramu 1.74, imepunjwa. Chini nimeongeza mstari kuhusu tundu. Limetobolewa juu ya kichwa cha Mama, si cha mfalme, na ukingo wake wa juu umelika na kung'aa kwa uzi. Ikining'inia shingoni Mama anasimama wima, mikono juu, na Monomachos yuko nyuma yake, kichwa chini, akigusa kifua cha aliyeivaa.